Kakao ya Ghana: Akiba ya Mkulima Ilikwenda Wapi?

Somo kwa wanachama, wajumbe wa kamati na makatibu wa vyama vya msingi



Katika mikutano yetu ya mwaka kuna swali moja ambalo kamati nyingi hulijibu kwa shida. Mwanachama husimama akasema: "Bei iliyotangazwa mnadani ni kubwa, na bei niliyolipwa mimi ghalani ni ndogo. Tofauti hiyo imekwenda wapi?" Swali hili ni la haki, wala si la leo, wala si letu peke yetu. Wakulima wa kakao wa Ghana, nchi iliyoitwa Gold Coast kabla ya kupata uhuru mwaka 1957, wamekuwa wakiliuliza kwa miaka mingi. Wamewauliza makampuni ya kigeni, wakaiuliza serikali ya kikoloni, kisha wakaiuliza serikali yao wenyewe. Kila mara jibu lilipokuwa halitoshi, mambo ya nchi nzima yalibadilika.

Tumechagua historia ya kakao ya Ghana kwa sababu inamfaa mkulima wa zao lolote la biashara, awe wa kahawa, pamba, korosho au tumbaku. Wenzetu wa Kyela, ambao wao wenyewe hulima kakao, wataielewa kwa wepesi zaidi. Baada ya somo hili mwanachama aweze kueleza mambo matatu: kwanza, zao la biashara lilivyoanzishwa na wakulima wadogo kwa mtaji wao, pili, njia ambazo jasho la mkulima hupotelea kati ya shamba na soko la dunia, na tatu, kwa nini akiba inayotunzwa kwa jina la mkulima haina budi kutunzwa mbele ya macho yake.

1. Zao lililoenezwa na wakulima wenyewe

Mkakao si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Wamisheni wa Basel walijaribu kuupanda katika milima ya Akuapem katikati ya karne ya 19, lakini hawakufanikiwa sana. Anayekumbukwa zaidi na Waghana ni fundi mhunzi aliyeitwa Tetteh Quarshie. Huyu alikwenda kufanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po, na mwaka 1879 alirudi na mbegu akazipanda Mampong, Akuapem. Baadaye serikali ya kikoloni nayo iligawa miche kutoka bustani yake ya Aburi.

Mwanzo ulikuwa mdogo mno. Hesabu za mwaka 1891 zinaonyesha kwamba kakao iliyosafirishwa nje ilikuwa ratili 80 tu, yaani mzigo ambao vijana wawili wangeweza kuubeba. Miaka 20 baadaye, mwaka 1911, nchi hiyo ilisafirisha karibu tani 40,000, ikawa ya kwanza duniani. Yafaa tujiulize: ni nani aliyeifanya kazi hiyo?

Jibu la haraka la vitabu vingi vya zamani lilikuwa kwamba serikali ya kikoloni iliwafundisha wenyeji kulima. Jibu hilo halitoshi. Mtafiti Polly Hill, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya wakulima wahamiaji wa kakao wa kusini mwa Ghana, alionyesha kwamba kazi kubwa ilifanywa na wakulima wa Akuapem, Krobo na sehemu za jirani. Watu hawa walikuwa wamejipatia fedha katika biashara ya mawese na mpira. Bei ya mawese ilipoanguka, hawakukaa wakilia. Walivuka mto Densu, wakaingia katika misitu ya Akyem Abuakwa iliyokuwa na watu wachache, wakanunua ardhi kwa watemi wa huko.

Namna walivyonunua inatuhusu sana sisi wanaushirika. Mara nyingi mkulima mmoja hakuweza kununua pande kubwa la msitu peke yake. Basi walijikusanya kikundi, wakamchagua kiongozi wa kupatana bei, kila mmoja akatoa kadiri alivyoweza, kisha ardhi ikapimwa kwa kamba na kugawanywa vipande virefu kulingana na mchango wa kila mtu. Baada ya hapo kila mmoja alilima chake. Ulikuwa ushirika wa kununua, si ushirika wa kulima; lakini ulikuwa na hesabu, ulikuwa na uaminifu, na kila mwanachama alikijua kipande chake kinapoanzia na kinapoishia. Kutokana na faida ya shamba la kwanza walinunua ardhi ya pili na ya tatu. Walichangia hata ujenzi wa madaraja na barabara, kabla reli haijawafikia.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mkakao huhitaji kivuli ukiwa mchanga, na mkulima hungoja miaka mitano au zaidi kabla ya kuvuna sawasawa. Maganda hukatwa kwa panga, punje hulundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba ili zichachuke kwa siku kama sita, kisha huanikwa juani na kugeuzwa mara kwa mara. Katika siku za mwanzo zao lilibebwa kichwani, au lilijazwa katika mapipa makubwa yaliyosukumwa yakibingirika njiani hadi pwani. Reli kutoka Sekondi ilifika Kumasi mwaka 1903, na ile ya kutoka Accra ilifika Kumasi mwaka 1923.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ardhi ilibaki mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilileta muswada wa sheria ambao ungeipa mamlaka makubwa juu ya ardhi. Wenyeji waliunda chama cha kutetea haki zao, wakapeleka wajumbe London, na muswada ukaondolewa. Kwa sababu hiyo mkulima wa Gold Coast hakupata kuwa kibarua katika shamba la mlowezi. Alikuwa mwenye shamba. Lakini, kama tutakavyoona, kumiliki shamba ni jambo moja, na kuimiliki bei ni jambo jingine.

2. Madalali, rehani na makampuni

Mkulima alipokuwa na kakao yake kavu, nani aliinunua? Juu kabisa yalikuwapo makampuni ya Ulaya yenye maghala bandarini. Kati ya makampuni hayo na mkulima walikuwapo madalali, wakubwa kwa wadogo. Kampuni ilimpa dalali fedha kabla ya msimu. Dalali akampa dalali mdogo. Na huyo akamkopesha mkulima wakati wa shida, yaani wakati wa ada za shule, wa msiba, au wa kulipa vibarua. Mkopo ulilipwa kwa kakao kwa bei iliyopangwa na mkopeshaji. Wengine waliweka mashamba yao rehani, wakaona mavuno ya miaka kadhaa yakichukuliwa na mtu mwingine.

Mzani nao ulikuwa chanzo cha malalamiko. Mkulima asiyejua kusoma mzani alipewa uzito alioambiwa. Wapo madalali waliopunja, na wapo wakulima waliochanganya punje mbichi au chafu ili mzigo uwe mzito. Hivyo hasara ilikuwa ya pande zote, lakini mwenye kuumia zaidi alikuwa yule mwaminifu.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920 idara ya kilimo ilianza kuhimiza vyama vya ushirika vya wakulima wa kakao. Vyama hivyo viliwafundisha wanachama kuchachusha vizuri, vikauza kwa pamoja, na vikatoa mikopo midogo. Vilifanya kazi nzuri, lakini viliuza sehemu ndogo tu ya mavuno ya nchi. Sehemu kubwa iliendelea kupita kwa madalali.

3. Mgomo wa mwaka 1937

Katika msimu wa 1936/37 bei ilipanda sana, kisha mwaka 1937 ikaanguka kwa ghafula. Wakati huo huo wakulima waligundua kwamba makampuni makubwa ya ununuzi yalikuwa yamefunga mapatano ya siri. Makampuni hayo, ambayo kwa pamoja yalinunua zaidi ya sehemu tisa katika kumi ya kakao yote, yalikubaliana kugawana mavuno kwa mafungu maalumu na kutoshindana kwa bei. Maana yake, mkulima akienda kwa kampuni hii au ile, angepewa bei moja iliyokwisha amuliwa.

Wakulima walijibu kwa silaha pekee waliyokuwa nayo: walikataa kuuza. Mwishoni mwa mwaka 1937, wakati ambapo mavuno makubwa ya mwaka hutolewa, maghala ya bandarini yalibaki matupu. Watemi wengi, miongoni mwao Nana Ofori Atta wa Akyem Abuakwa, waliunga mkono. Watu walisusia pia bidhaa zilizouzwa katika maduka ya makampuni hayo. Hata madalali na madereva wa malori walijiunga, ingawa kila siku ya mgomo iliwanyima riziki. Mgomo ulidumu hadi Aprili 1938.

Hebu tufikiri kidogo uzito wa jambo hili. Mkulima hawezi kula kakao. Ameiweka ndani, panya na ukungu vinaitishia, watoto wanataka chakula, mkopeshaji anabisha mlangoni. Hata hivyo maelfu ya wakulima, bila kuwa na chama kimoja kilichowaunganisha wote, walivumilia miezi kadhaa. Iliwezekana kwa sababu kila mmoja alijua jambo linalogombaniwa, na kila mmoja aliamini kwamba jirani yake hatauza usiku kwa mlango wa nyuma.

Serikali ya Uingereza ililazimika kutuma tume ya uchunguzi. Mwenyekiti wake alikuwa William Nowell, mtu ambaye hapo awali aliongoza kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanga. Tume hiyo iliyatazama mapatano ya makampuni na mfumo wa madalali, na mwaka 1938 ikapendekeza kwamba wakulima wote waunganishwe katika chama chao cha kuuza kakao kwa pamoja. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1939 vita vikuu vya pili vilianza, na vita vikaleta mfumo mwingine.

4. Bodi na mfuko wake

Wakati wa vita meli zilikuwa haba na masoko ya Ulaya yalifungwa. Serikali ya Uingereza ilichukua jukumu la kununua kakao yote ya makoloni yake ya Afrika Magharibi kwa bei iliyopanga yenyewe. Vita vilipokwisha, utaratibu huo haukuvunjwa. Mwaka 1947 iliundwa Bodi ya Mauzo ya Kakao ya Gold Coast, iliyopewa peke yake haki ya kusafirisha kakao nje.

Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri. Bei ya dunia hupanda na kushuka kama mawimbi, na mkulima mdogo hawezi kupanga maisha yake juu ya mawimbi. Kwa hiyo bodi ingemlipa bei moja iliyotangazwa mwanzoni mwa msimu. Bei ya dunia ikiwa kubwa, bodi ingeweka ziada katika mfuko. Bei ikianguka, ingetoa fedha katika mfuko huo ili mkulima asiumie. Huo ndio mfuko wa kusawazisha bei. Kwa maneno mengine, fedha zile zilikuwa akiba ya mkulima iliyokatwa kwa ahadi ya kurudishwa siku ya dhiki.

Kabla hatujaendelea na habari za mfuko, yatupasa kutaja maradhi. Mwaka 1936 ulikuwa umeonekana ugonjwa wa kuvimba machipukizi. Ugonjwa huo huletwa na virusi vinavyoenezwa na vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe mfano wa unga. Hauna dawa; njia iliyojulikana ilikuwa kuukata mti ulioambukizwa pamoja na ile iliyo karibu nao. Wataalamu walikuwa na haki, lakini waliingia mashambani kwa amri, wakakata hata miti ambayo mwenyewe aliiona inazaa. Hasira ya wakulima ilikuwa sehemu ya machafuko ya Februari 1948, ambayo yalifungua njia ya kuelekea uhuru. Funzo lake ni fupi: ushauri ulio sahihi, ukitolewa bila maelezo na bila fidia inayoeleweka, huonekana kuwa dhuluma.

5. Hesabu ya mzigo mmoja

Sasa tuchukue kalamu. Mwaka 1954, wakati serikali ya ndani ilikuwa tayari chini ya Kwame Nkrumah, ilipitishwa sheria iliyopanga kwamba mkulima alipwe shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60. Tupige hesabu pamoja.

Tani moja ya Kiingereza ni ratili 2,240. Tukigawa kwa 60 tunapata mizigo 37 na theluthi moja. Tukizidisha kwa shilingi 72 tunapata shilingi 2,688. Paundi moja ilikuwa shilingi 20, basi mkulima alilipwa paundi 134 na shilingi 8 kwa tani. Katika mwaka huo huo bei ya soko la London ilivuka paundi 400 kwa tani.

Mwanachama asikimbilie kusema kwamba tofauti yote ni wizi. Yapo magunia, usafiri, ghala, bima, meli na mishahara. Lakini gharama hizo haziwezi kumeza paundi zaidi ya 250 kwa kila tani. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa ushuru na ziada ya bodi. Kwa upande wa pili, ni kweli pia kwamba bei ya dunia haikukaa pale juu: kufikia mwaka 1956 ilikuwa imeshuka karibu nusu. Aliyesema kwamba akiba ni lazima hakukosea. Ugomvi haukuwa juu ya kuweka akiba, bali juu ya nani anayeiamua, nani anayeishika, na itatumika kwa jambo gani.

Tangu siku za ukoloni sehemu kubwa ya akiba hizo iliwekwa London katika hati za serikali ya Uingereza. Hivyo mkulima wa Ashanti, bila kuulizwa, alikuwa akiikopesha nchi iliyomtawala. Baadaye fedha za kakao zilisaidia kujenga nchi: zililipia masomo ya vijana wengi, zikachangia chuo kikuu cha Legon, barabara na kazi nyingine za maendeleo. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Lakini wakulima wa Ashanti waliona kwamba mzigo wa kuijenga nchi nzima umetwishwa zao moja, na Septemba 1954 wengi wao waliingia katika chama kipya cha upinzani kilichoundwa Kumasi. Nchi ikakaribia uhuru ikiwa imegawanyika, na katika mgawanyiko huo bei ya mzigo wa ratili 60 ilikuwa sababu mojawapo kubwa.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 1953 mtaalamu wa uchumi W. Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia ambaye mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel, aliishauri serikali hiyo kwamba kabla ya kukimbilia viwanda, kwanza iinue uzalishaji wa chakula mashambani. Shauri hilo halikupewa uzito uliostahili.

6. Ushirika usio na wanaushirika

Mwaka 1959 mkulima alikatwa shilingi 12 kwa kila mzigo kuchangia mpango wa maendeleo, akabaki na shilingi 60. Baraza la wakulima lililoshikamana na chama tawala ndilo lililokubali kwa niaba yake. Mwaka 1961 baraza hilo, likiwa limebeba jina la ushirika, lilipewa peke yake haki ya kununua kakao yote ya nchi. Vyama huru vya ushirika, vilivyojengwa kwa taabu tangu mwisho wa miaka ya 1920, viliondolewa katika kazi hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Chombo kipya kilikuwa na jina la ushirika, kilikuwa na maghala, mizani na makarani. Kilichokosekana ni mwanachama mwenye uwezo wa kumwuliza karani. Viongozi hawakuchaguliwa na wakulima kwa maana halisi, na mkulima hakuwa na mahali pengine pa kupeleka zao lake. Baada ya serikali ya Nkrumah kupinduliwa mwaka 1966, kamati iliyoongozwa na J. C. de Graft-Johnson ilichunguza ununuzi wa kakao, nayo ikasikia malalamiko mengi ya wakulima kupunjwa uzito na kucheleweshewa malipo. Yale yale yaliyofanywa zamani na dalali wa kampuni yalikuwa yamerudi, safari hii chini ya bango la ushirika.

Sisi wa Tanzania hatuwezi kuwacheka. Mwaka 1976 vyama vikuu vyetu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua mlango wa kuvirudisha. Waliokuwa wakulima wakati huo wanajua walichokipoteza, na wazee wa namna hiyo waalikwe kusimulia katika darasa hili.

7. Kuporomoka na kufufuka

Katika msimu wa 1964/65 Ghana ilivuna zaidi ya tani 550,000. Lakini mavuno makubwa yaliporomosha bei ya dunia, na siku ya dhiki iliyokuwa ikitajwa ikawadia. Mkulima alipoutazamia mfuko, aliukuta hauna kitu cha kumfaa. Fedha zilikuwa zimekwisha tumika. Mwaka 1965 bei yake ilipunguzwa tena badala ya kuinuliwa.

Tangu hapo mambo yalikwenda yakizidi kuharibika. Mwaka 1969 serikali iliwafukuza wageni wasio na vibali, na mashamba yakapoteza vibarua wengi waliotoka nchi za jirani. Katika miaka ya 1970 bei za bidhaa zilipanda upesi, huku thamani ya fedha ya Ghana ikishikiliwa juu kwa amri; hivyo bei ya mkulima, hata ilipoongezwa katika karatasi, haikununua kitu. Wakulima wa mipakani walivusha kakao kwa magendo kwenda Côte d'Ivoire na Togo. Miti ilizeeka bila kupandwa mipya. Kufikia mwisho wa miaka hiyo Côte d'Ivoire ilikuwa imeipita Ghana. Mwaka 1983 ukame na moto wa misituni viliteketeza mashamba mengi, na msimu wa 1983/84 ulitoa chini ya tani 160,000. Ndani ya miaka 20 nchi ilipoteza zaidi ya theluthi mbili ya mavuno yake, na sababu kubwa haikuwa udongo wala uvivu. Mkulima hupiga kura kwa jembe lake: bei isiyo ya haki humfanya aliweke chini.

Kuanzia 1983 serikali ilishusha thamani ya fedha na kumwongezea mkulima bei hatua kwa hatua. Bodi ya kakao haikuvunjwa, na iliendelea kukagua ubora. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi wenye leseni waliruhusiwa kushindana vijijini. Mwaka 1993 wakulima walianzisha ushirika wao wa Kuapa Kokoo, ambao mwaka 1998 ulipata hisa katika kampuni mpya ya chokoleti huko Uingereza. Sehemu ya bei iliyomfikia mkulima iliongezeka, dawa na mbolea zikapatikana, na msimu wa 2010/11 Ghana ilivuka tani milioni moja kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo hadithi haikuishia penye furaha. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Lakini Ghana ilikuwa imekwisha uza mapema sehemu kubwa ya mavuno kwa bei ya chini, kama ilivyo desturi ya bodi yake, na mavuno yenyewe yalikuwa yamepungua mno kwa maradhi yale yale ya machipukizi, hali ya hewa mbaya, na wachimbaji haramu wa dhahabu waliong'oa mikakao. Magendo yakarudi. Kuuza mapema humlinda mkulima bei inaposhuka, na humfunga mikono bei inapopanda. Mwanachama anastahili kuelezwa pande zote mbili kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

8. Mafunzo kwa vyama vyetu

Tuyakusanye yaliyotangulia katika mambo manne.

Kwanza, mkulima mdogo si mtu wa kuburutwa. Wakulima wa Akuapem na Krobo walitafuta mtaji, ardhi na njia kabla ya kuamriwa. Chama kinachomwona mwanachama kama mtu wa kupokea maagizo kinatupa nguvu yake kubwa kuliko zote.

Pili, mnunuzi akiwa mmoja tu, awe kampuni, bodi au chama chenyewe, mzani hulegea. Ikiwa sheria inampa mnunuzi mmoja haki hiyo, basi ukaguzi wa wanachama hauna budi kuwa mkali mara mbili.

Tatu, kila kinachokatwa katika bei ya mkulima kiandikwe kwa jina lake halisi. Ushuru uitwe ushuru, gharama ziitwe gharama, na akiba iitwe akiba. Akiba ikitumiwa kama kodi, mwanachama hudanganywa mara mbili: siku inapokatwa, na siku anapoihitaji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, jina la ushirika halifanyi ushirika. Ushirika ni mwanachama anayeweza kusoma mizania, kumchagua kiongozi, na kumwondoa bila kuogopa. Kitu hicho kikikosekana, maghala na mihuri hubaki kuwa vyombo vya mtu mwingine.

Ndugu mwanachama, wakulima wa mwaka 1937 walishinda kwa sababu waliijua hesabu yao na kuaminiana. Wajukuu wao walishindwa pale hesabu ilipoondolewa mbele yao. Katika mkutano ujao wa chama chako, usingoje mwingine ainue mkono.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Eleza jinsi wakulima wa Akuapem na Krobo walivyonunua ardhi kwa vikundi. Je, chama chako kinaweza kutumia njia kama hiyo kununua mashine au gari?

2. Chukua stakabadhi yako ya msimu uliopita. Andika bei ya mnada, kisha andika kila makato hadi kufikia fedha uliyopokea. Ni makato yapi ambayo kamati imeshindwa kuyaeleza?

3. Kwa nini mfuko wa kusawazisha bei wa Ghana haukumsaidia mkulima mwaka 1965? Taja masharti matatu ambayo yangeweza kuulinda.

4. Je, chama chenu kiuze mavuno mapema au kingoje mnada? Toeni faida na hasara za kila njia, kisha mpige kura.

5. Mwalikeni mzee mmoja aliyekuwa mwanachama kabla ya 1976. Asimulie nini kilibadilika katika mzani, malipo na mikutano baada ya vyama vikuu kuvunjwa. Katibu aandike masimulizi hayo katika daftari la chama.